Binti wa Bauma na Makontesi wa Uskoti

Eugénie Nshobole alikuwa mwalimu wa historia katika lise moja ya wasichana pale Goma. Eugénie ni jina la ubatizo. Nshobole alipewa na nyanya yake mzaa mama, mwanamke wa kabila la Washi kutoka Kabare. Serikali ilipokataza majina ya kizungu mwaka wa 1972, kwenye karatasi za shule akabaki Nshobole peke yake, lakini nyumbani, mtaa wa Mapendo, mume wake Onésime na majirani waliendelea kumwita kama zamani.

Kwao kulikuwa juu, milima ya Masisi, ambako ukungu huchelewa kuondoka. Papa yake, muzee Zéphirin Bauma, alikuwa chefu wa lokalite: mlima mmoja na mabonde yake mawili. Ndiye aliyegawa mashamba, aliyekata kesi za mipaka, aliyejua ni mjane gani analima wapi na tangu mwaka gani. Mungu alimpa mabinti wawili tu. Mkubwa aliingia utawa huko Bukavu. Akabaki Eugénie.

Mwaka wa 1974 mwalimu mmoja Mbelgiji alirudi kwao akaacha sanduku la vitabu. Eugénie alichukua kimoja kwa sababu tu jalada lake lilikuwa bado zima. Kilihusu Uskoti ya zamani, na humo akakutana na wanawake ambao hakuwahi kufundishwa habari zao: makontesi, wanawake wenye cheo cha watawala wa majimbo. Wengi waliitwa hivyo kwa ajili ya waume zao, kama vile bibi ya mkuu wa shule anavyoitwa Madame Direktere. Lakini wachache walikuwa na cheo chao wenyewe. Marjorie wa Carrick, baba yake alikufa bila mtoto wa kiume, na cheo kikamwangukia yeye. Mwanaume aliyemwoa ndiye aliyeitwa konti kwa sababu ya mke. Na Isabella, kontesi wa Buchan, mzaliwa wa ukoo wa Fife. Ukoo huo ndio uliokuwa na haki ya kumketisha mfalme kwenye kiti. Mwaka wa 1306 mkuu wa ukoo, kijana bado, alikuwa mikononi mwa Waingereza, basi Isabella akaenda kuifanya kazi hiyo mwenyewe, ingawa mume wake alikuwa upande wa maadui. Waingereza walipomkamata, wakamfungia ndani ya kizimba miaka minne.

Likizo ilipofika alipanda Masisi akamsimulia papa yake. Muzee alisikiliza, kiko kikizimika mkononi.

"Huyo wa kwanza," akauliza, "banaume ba ukoo balikubali?"

"Kitabu hakisemi kama walinung'unika, Papa. Kinasema cheo alikishika mpaka kufa."

Muzee akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Kwa nyanya yako, kule Bushi, mwamikazi, mama ya mfalme, anashikaka inchi kama mwana wake angali mudogo. Siye tunaona haya ya nini?"

Tangu hapo, kila likizo, alimchukua Eugénie kutembea mipaka. Alimwonyesha jiwe jeusi linalotenga shamba la huyu na la yule, kijito kilichohama baada ya mvua kubwa, mahali ambapo ndugu wawili walikaribia kuuana. Siku moja, wakipumzika juu ya mteremko, alimwambia: "Siku nitauliza mbele ya batu, utaitika?"

"Nitaitika, Papa."

Siku yenyewe ilikuja Agosti ya 1976. Miguu ya muzee ilikuwa imevimba, hakuweza tena kutoka nje, akaita ukoo. Eugénie na Onésime walipanda pamoja ndani ya kamyo ya viazi. Onésime alikuwa karani wa ofisi ya serikali, mutu mwema, mwoga. Njiani akamwambia polepole: "Mwalimu anayegombana na ukoo wake, kesho anahamishwa mbali. Fikiri watoto."

Wazee kumi na wawili walikaa ndani ya ua wa matete, chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi, ikizunguka. Muzee Bauma alisema kwa sauti ndogo: "Zoni ya serikali inatia sahihi kwa mutu tunayemuleta. Mimi namuleta mutoto wangu Eugénie. Lakini habaketishe mutu kwa kiti kwa nguvu. Aseme mwenyewe."

Honoré, mdogo wa muzee, akasafisha koo. "Yaya, mukubwa wangu, mwanamuke wa kuolewa atakata kesi na mutoto kwa mugongo? Na bwana yake tutamwita nani? Bibi ya chefu?"

Ua mzima ukacheka. Onésime akatazama viatu vyake. Shangazi Perpétue, aliyekaa karibu na mlango, alimwinulia Eugénie kidevu kama kumwambia: sema basi. Na Eugénie alikuwa na maneno. Alikuwa ameyapanga wiki nzima. Aliijua mipaka kuliko Honoré, na kila mzee pale alijua kwamba anaijua.

"Mimi niko mwalimu tu, Papa," akasema. "Papa mudogo Honoré anaiweza kazi kunishinda."

Muzee alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomwumiza Eugénie kuliko yote. "Haya," akasema. "Mumesikia."

Alizikwa kabla ya mwezi kwisha. Kwa miaka mingi Eugénie alijiuliza alikuwa ameogopa nini. Isabella aliwekewa kizimba. Yeye aliwekewa kicheko tu, tena cha wazee waliokunywa.

Mwanzoni Honoré hakuwa chefu mbaya. Lakini mwaka wa 1979 alikuja tajiri mmoja akitafuta malisho, na Honoré akatia sahihi. Bonde la chini lilizungushiwa waya wa miiba, familia kumi na moja zikabaki upande wa nje. Miongoni mwao alikuwa mjane Lucie, aliyeshuka Goma na watoto wawili na jembe moja, akapiga hodi Mapendo.

Eugénie alimpa chai. Lucie akainywa yote ndipo akasema.

"Mama Eugénie, siku ile nilikuwaka nyuma ya matete. Nilikuwa naleta maji. Tulikuwa tunangoja useme."

"Sikusema."

"Ndiyo. Tulisikia."

Wiki ile ile Eugénie aliomba ruhusa shuleni, wakapanda wote wawili mpaka ofisi ya zoni. Kijana aliyewapokea, amevaa abakosti safi, aliwasikiliza vizuri. Eugénie alimchorea bonde lote: jiwe, kijito, shamba la nani na tangu lini. Kijana akashangaa.

"Unajua huu mlima kuliko chefu mwenyewe. Lakini, sitwayene, raia mwenzangu, unasema kwa cheo gani?"

"Niko binti wa chefu wa zamani."

"Hicho si cheo." Hakusema kwa ubaya. Aliigeuza karatasi ya Honoré, akamwonyesha muhuri. "Mwenye kupinga hii ni mwenye kuandikwa hapa kama chefu. Kama ungekuwa wewe, tungeifuta leo."

Waya ulibaki. Eugénie aliandika barua nne, mbili hazikujibiwa, mbili zilijibiwa kwa heshima. Lucie alikaa miaka miwili katika chumba cha nyuma, kisha akapata meza yake sokoni, akauza lengalenga na vitunguu. Hakuwahi kulima shamba lake tena.

Jioni moja Onésime, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi, alisema bila kuulizwa: "Ni mimi nilikufunga kinywa, ndani ya ile kamyo."

Eugénie alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Hapana. Wewe ulisema kwa kamyo. Ndani ya ua, mbele ya batu, kinywa kilikuwa changu."

Akaendelea na maharage. Onésime akavuta kiti, akakaa karibu, wakamaliza sinia lile pamoja.