Bi Usijali

Wodini dada yangu wanamwita Bi Usijali. Miaka kumi na tisa ya unesi, na kila mgonjwa aliyefungua kinywa kumweleza shida yake alikatishwa na neno hilo kabla hajafika katikati. Kwenye sindano lilifaa. Kwenye kozi ya ushauri nasaha lilimponza: alifeli mtihani wa vitendo mara mbili, na nafasi ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho.

"Ukimwambia mtu usijali, umemwambia anyamaze," mwalimu wake alimweleza.

"Nimeelewa, mwalimu, usijali," dada akajibu.

Basi akaamua kujizoeza kwangu, mimi mdogo wake, kila jioni kwenye meza ya jikoni. Dawa aliibuni mwenyewe: anapiga funda la maji, analiweka mdomoni, na hamezi mpaka nimalize kusema. Mashavu yamevimba, macho yamemtoka, kichwa kinakwenda juu na chini kama cha mjusi. Mimi ni mwepesi wa hasira, lakini kwa hilo nilicheka hadi mbavu zikauma. Nikamtungia shida za kila aina: nimeibiwa viatu, bosi ananionea, daktari wa meno ananitaka. Hiyo ya daktari ilimtoa maji puani.

Wiki ya mtihani uongo ukaniishia, nikasema la kweli. Tangu mama afariki, mwaka wa pili huu, sijaweza kufungua kabati la nguo zake. Nikipita chumbani kwake naharakisha kama mwizi.

Nilingoja lile neno. Dada hakumeza. Machozi yakamtiririka juu ya mashavu yale yaliyojaa maji, nami nikaendelea kusema, hata yale ambayo sikujua ninayo. Nilipomaliza ndipo akameza, akauliza taratibu, "Unaogopa nini hasa, mdogo wangu?"

"Kwamba harufu yake itakuwa imeisha."

Mtihani alifaulu. Siku aliyoleta cheti alikiacha juu ya friji, akanishika mkono hadi chumbani kwa mama, akanipa ufunguo wa kabati.

"Naogopa, dada."

Nililiona lile neno likimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Hata mimi," akasema.

Nikafungua.