Pedali ya Mjomba

Kila treni ya umeme inapofunga breki hapa stesheni, harufu ya chuma kilichoungua hunirudisha Garsen, kwenye koti la mjomba wangu.

Aliziendesha treni kama hizo ng'ambo, hadi zilipochakaa zikakatwa kuwa vyuma chakavu, naye akarudi nyumbani. Alishinda kitini barazani akiyatazama maji ya mafuriko, na kila baada ya muda mfupi mguu wake wa kulia uligonga sakafu.

"Mjomba, unakanyaga nini?"

"Pedali, mwanangu. Dereva asipoikanyaga, treni hujua amekufa, ikasimama yenyewe."

Alasiri moja mama alinituma nimpelekee uji. Mjomba alikuwa kitini, amefumba macho. Niliketi sakafuni nikingoja aamke, nikihesabu mguu wake unavyogonga: ishirini, ishirini na moja. Uji ukapoa.

Mama akaja, akamgusa kaka yake shavuni, akaurudisha mkono upesi.

"Inna lillahi! Amekakamaa. Ametutoka tangu asubuhi huyu."

"Lakini mama, si anakanyaga?"

Mama alitazama chini, mguu ukagonga tena. Alivua mtandio wake, akaifunga miguu yote miwili pamoja, fundo juu ya fundo, mpaka baraza likawa kimya.