Nilivyompoteza bibi yangu Lubumbashi nikiwa nimekimbilia pasipoti

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Naandika kilichonikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mke wangu yuko hapa pembeni, nikidanganya atanisahihisha.

Mimi ni mtu wa Kilosa, nafanya kazi ya gesti Mikumi. Malori ya Kongo nayaona yanapita kila siku, ila Kongo yenyewe sikuwahi kuota nitafika.

Baba mdogo wangu alikuwa dereva wa malori hayo. Akahamia Lubumbashi, akaoa huko, akakaa miaka. Mwaka juzi ikaja habari kwamba anaumwa figo na hali siyo nzuri. Bibi, mama yake mzazi, akasema, "Nipelekeni nikamwone mwanangu angali anaongea."

Bibi alikuwa na miaka sabini na sita. Safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa kwenda msibani Dumila. Tukamtengenezea pasipoti, nikamwambia mara mia: bibi, hiki kitabu kikipotea hatutarudi nyumbani.

Tukapandia basi Mikumi, mimi, mke wangu na bibi. Tunduma, Zambia yote, mpaka Lubumbashi. Tumefika mchana, miguu imevimba.

Wakuu, ile stendi! Basi halijasimama vizuri watu wameshaning'inia madirishani. Honi, vumbi, pikipiki zinapita katikati ya watu. Wanaongea Kiswahili, lakini nikishika neno moja, matatu yananipita. Mimi niliyejiona mjanja wa barabara kuu, nikajikuta mshamba.

Akatokea jamaa amevaa sare, sijui hata ni wa ofisi gani. "Pasipoti." Akakusanya zote tatu, akaondoka nazo. Nikamwambia mke wangu amshike bibi, nikamkimbilia yule jamaa.

Kumbe alitaka tu kuzikagua pamoja na kadi za chanjo zilizokuwa ndani yake. Dakika kumi, akanirudishia kila kitu.

Narudi, mke wangu anagombania begi na wapagazi wawili. Bibi hayupo.

"Alikuwa hapa! Nimegeuka tu!" Mke wangu analia.

Bibi hana simu, hajui mtaa tunaokwenda. Nikaanza kupiga kelele, "Jamani, nimempoteza bibi yangu! Mmemwona bibi?"

Watu wakajaa. Kijana mmoja akamshika mke wangu mkono, akamleta. "Bibi yako si njo huyu?"

"Huyu ni mke wangu! Namtafuta bibi, ana miaka sabini na sita!"

Wakacheka. Mwingine akakasirika, akanisogelea usoni, anadhani nawafanyia mzaha. Hapo nikajua napigwa. Mke wangu kanishika shati kwa nyuma.

Mama mmoja muuza mikate ndiye aliyetuokoa. Akaniuliza taratibu, "Huyo bibi ni mama ya nani?"

"Mama wa baba yangu."

"Aaa! Anatafuta nkambo yake!"

Kumbe kule "bibi" ni mke, na bibi wa kwetu wao wanamwita nkambo. Mtu mzima naulizia mke wangu stendi nzima, na nimesimama naye!

Wale wale waliokuwa wanacheka wakatawanyika kumtafuta. Baada ya muda wakaniita kwenye njia panda.

Bibi alikuwa katikati ya barabara, magari yanapita kushoto na kulia, amemng'ang'ania askari wa trafiki mkono wa shati. Aliona sare inaondoka na kitabu chake, akaifuata, akakosea mtu. Askari wa watu anaongoza magari kwa mkono mmoja.

"Mwambie anipe kitabu changu," bibi akaniambia. "Sitaki kufia huku."

Nikamwonyesha pasipoti. Ndipo akaachia. Yule askari akasimamisha magari yote, akamvusha mwenyewe, hatua kwa hatua.

Jioni tukafika kwa baba mdogo. Bibi akakaa kitandani, akamshika miguu, wakaongea Kisagara mpaka chakula kikapoa. Mwezi uliofuata baba mdogo akafariki.

Nilichojifunza: ukisafiri na mzee, usiache mkono wake kwa sababu ya karatasi. Karatasi mzifuate wote. Na usijione mwenyeji kisa lugha inafanana.

Mliowahi kumvusha mzazi mpaka wa nchi kwa mara ya kwanza, kwenu ilikuwaje? Andikeni. Bibi yupo, mzima, comments zenu nitamsomea.