Sabina Aliyeagwa Akabaki

Kwetu katika wilaya ya Mayo, upande huu wa bahari, msichana akienda Amerika tunamlilia kama maiti. Majirani hukusanyika kwao, fidla ikapigwa, watu wakacheza, kisha mama mtu akamwombolezea bintiye kwa sauti mbele ya wote. Wengi hawarudi, kwa hiyo kilio hicho ndicho mazishi yao.

Sabina Gaughan, rafiki yangu tangu utotoni, tulimlilia mwaka 1951. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na dada yake Delia alikuwa amemtumia tikiti kutoka Boston. Mama yao, mjane, alilia mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi nikamsindikiza Sabina stesheni. Treni ikaja, nikampandishia sanduku, yeye akaganda pale chini.

"Una," akaniita kwa jina langu, "mguu umekataa."

Sanduku likaenda, mwenyewe akabaki. Nilimkasirikia, sitasema uongo. Tikiti kama ile niliitamani sana, na sikuwa na wa kunitumia.

Kijijini watu hawakujua wamsalimie vipi. Binamu yake, aliyeachiwa na Sabina viatu vyake vya Jumapili, alivificha chini ya kitanda asije akadaiwa. Fundi viatu akajaribu utani: "Amerika umeimaliza kwa nusu siku, binti? Wanatusalimu?" Hakuna aliyecheka.

Tulimkuta mama yake uani akilisha kuku. Sabina akamweleza kwamba ameshindwa kumwacha peke yake. Mama hakuinua kichwa.

"Mwanangu, mimi nimeshakulilia. Mara ya pili siwezi. Siku ukiondoka, ondoka tu, usiniambie."

"Siondoki, mama."

"Haya."

Nilidhani ni hasira za siku ile, zitapoa. Hazikupoa, kwa sababu hazikuwa hasira. Sabina alimwandikia Delia kumwomba radhi, akakamua ng'ombe, akachimba viazi, akamtunza mama yake miaka kumi na mmoja. Lakini kila alipochukua kikapu kwenda dukani, mama alisimama mlangoni akimtazama mpaka apotee kwenye kona. Hakumuuliza anakwenda wapi, wala atarudi saa ngapi. Sabina alikuwa akirudi mbio, hata akikutana nasi njiani hasimami kupiga soga. Iliniuma sana kumwona hivyo.

Mwishowe mama akaugua kifua. Nilikuwepo, nimeshika bakuli la uji. Alifumbua macho, akamtazama Sabina aliyekaa kando ya kitanda, akamtazama weee.

"Kumbe hukwenda," akasema.

"Sikwenda, mama."

Alifariki kesho yake. Sabina alikuwa na miaka thelathini na mitano.