Kamba wa Bwawa la Siyu

Juzi mjukuu wangu aliniletea sahani ya kamba wekundu wa maji baridi kutoka Naivasha, akanisifia utamu wao. Nilishukuru, nikaisogeza kando. Yeye sikuweza kumweleza sababu. Wewe nitakueleza.

Nilikulia Siyu, miaka ya sitini. Nje ya mji palikuwa na bwawa la maji ya mvua, na masika yakisha, sisi wasichana tulishinda humo, tukifua na kupiga mbizi hadi macho yakawiva. Jirani yetu mjane alitega samaki penye matete. Akipika kambare wake kwa nazi, hakukosa kutuletea bakuli.

Kisha nikaanza kukojoa damu. Mwalimu wetu, mtu wa bara mwenye moyo mwema, alimweleza bibi yangu kwamba kichocho hutokana na konokono wa bwawani, na kwamba huko bara wako kamba wanaowala. Wazee walisita kuwatia bwawani. Bibi alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi kwa ajili yangu, na wa kwanza kukubali alikuwa yule mjane. Mwalimu aliporudi kutoka likizo alikuja na debe la kamba, tukawamimina kwa bismillahi.

Mimi nilipona kwa sindano za hospitali, Lamu. Kamba wakazaana. Walimaliza mayungiyungi, wakala mayai ya samaki, wakachimba kingo mpaka zikabomoka na maji yakawa tope. Ukitia mguu, unabanwa kidole. Tukaacha kuogelea. Mitego ya mjane ikatoka na kamba watupu, na watu wa kwetu hawakuwala, wakiwaona jamii ya kaa, ambaye kwetu ni haramu. Mwalimu alishinda pale na ndoo akiwatoa, asiwamalize.

Bibi alikwenda kumwomba mjane radhi, nami nikamfuata. Tulimkuta akifunga mizigo. Bwawa halikumlisha tena, anahamia Faza kwa bintiye. Alinishika kidevu, akanitazama sana.

“Mwana mepona,” alimwambia bibi. “Nami ningalikuwa na mgonjwa, ningalitenda vivyo.”

Laiti angetukemea. Bibi alilia njia nzima, nami nilikuwa nyuma yake, mzima wa afya, nikiona haya kuwa mzima.

Wasichana wa Siyu wa leo hawajui kwamba pale watu waliwahi kuogelea. Wanapita kando ya tope wakienda zao shuleni, na sijapata ujasiri wa kuwaambia.