Nilimwambia daktari wa meno kwamba dada yangu hana sukari

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mkimaliza kusoma mnitukane, nimeshazoea.

Sisi ni wa Muyinga mjini, mafundi cherehani. Miaka ile ya vita, mdogo wangu Zaina alikuwa ameposwa na watu wa Gitega. Alikuwa na kisukari, anameza vidonge, na tulificha. Kwetu msichana akijulikana mgonjwa, posa inarudi.

Jino likamuoza. Daktari wa meno yuko Gitega.

Tukaenda na konvoi, magari yanayosindikizwa na askari, tukafikia kwa shangazi wa mchumba. Ungelala kwingine, wakwe wangenuna. Vidonge nikamwambia aviache nyumbani, shangazi asivione.

"Siku mbili tu, utakufa?" Ndivyo nilivyosema, mimi kaka mtu!

Shangazi akaingia nasi mpaka ndani kwa daktari.

"Dada, uko na presha? Sukari?"

Zaina akaniangalia. Nikajibu mimi: "Iko muzima kabisa, docteur."

Akamsafisha mzizi wa jino, hiyo root canal, akaziba.

Kesho yake risasi, barabara ikafungwa. Siku mbili zikawa kumi na moja, bila kidonge hata kimoja. Shavu likavimba, usaha ukaanza kutoka.

Na shangazi wa watu, kwa huruma, anamkorogea chai na sukari tele. Sukari yenyewe wakati ule ilikuwa adimu! Zaina anakunywa kwa adabu. Mimi naangalia, nimenyamaza.

Mpaka alipoanguka ndipo nikasema.

Hospitali wakapima, sukari iko juu mno. Wakaniambia jino lilitibiwa vizuri, ila sukari ikipanda hivyo mwili unashindwa kupona na uchafu unasambaa. Wakang'oa meno manne na kipande cha mfupa wa taya.

Shangazi alimuuguza mpaka akatoka. Halafu akaniita pembeni.

"Sukari hata mama yetu iko nayo. Mungeniambia, mi mwenyewe ningemutafutia dawa. Lakini watu wa uongo, hapana."

Posa ikafa.

Wakuu, mwenye kisukari amwambie daktari wa meno kabla hajafungua mdomo kutibiwa. Pima kwanza, na dawa usikatishe. Root canal haina kosa, kosa lilikuwa mdomo wangu.

Zaina hakuolewa. Anatafuna upande mmoja. Nikimsalimia anaitikia, basi.

Kama kuna aliyewahi kusamehewa jambo kama hili, aniandikie hapa alianzaje.