Twiga Mwekundu na Beji ya Baba

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mpaka gauni nililovaa nalikumbuka, maana ndilo nililobandika beji ya twiga mwekundu kifuani, nikatembea Magomeni nzima kama bibi harusi.

Nyie wa sasa mnabadilishana beji zenu kwa kutumiana picha kwenye simu. Sisi tulikutana kila Jumapili kwenye kibaraza cha kinyozi, kila mtu na kitambaa chake kilichojaa beji: za timu za mtaa, za bendi, za maonyesho. Sheria yetu ilikuwa moja. Shika, geuza, kagua mpaka pini ya nyuma, lakini ukishaibandika kifuani, hairudi.

Basi kulikuwa na beji ya twiga. Twiga wake alikuwa wa njano, hata watoto walikuwa naye. Ila wachache walitoka wekundu. Tukaambiwa kiwandani walikosea rangi. Kati yetu aliyekuwa na mwekundu ni Hamisi peke yake, fundi magari wa Buguruni. Nilimtamani yule twiga mpaka usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Hamisi alipotaka kitambaa changu chote, sikubisha. Nikampa, pamoja na beji ya marehemu baba, ile aliyokuwa akiivaa kazini bandarini. Niliiona, wala sitasema sikuiona. Nilijiambia tu kwamba imeshachubuka rangi.

Hazikupita wiki nyingi mvua ikanyesha, maji yakaingia stoo ya Mama Shirima. Huyu alikuwa tajiri yangu, mwenye duka la jumla Kariakoo, na stoo yake ilikuwa bondeni, upande wa Jangwani. Tukaenda kuokoa mizigo. Katoni moja ya zamani ilikuwa imelowa. Nilipoinyanyua kitako kikaachia, wakamwagika miguuni kwangu twiga. Wekundu watupu! Katoni nzima! Nilikaa juu ya robota la khanga nikalia.

Mama Shirima alicheka mpaka akashika mbavu. Aliposikia habari ya beji ya baba, akaacha kucheka.

"We binti, huyo twiga wa kifuani kwako amebadilika nini tangu asubuhi?"

"Hajabadilika, mama."

"Basi hukumpenda twiga. Ulipenda wenzako wasiwe naye. Haya, nenda Buguruni."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli.

Hamisi nilimkuta uvunguni mwa gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamweleza yote, ya katoni na ya baba. Akatoka, akafuta mikono taratibu. Sheria naijua, naye anaijua.

"Sasa dada, mbona hukuniambia ni ya marehemu?"

"Ningekwambia ungeikataa."

"Ningeikataa, ndiyo." Akaingia ndani, akatoka nayo, akaniwekea mkononi. "Hii haikuwa ya kubadilishana tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Hizo nyingine ni zangu, usije ukaniletea machozi tena."

Nilitaka kumrudishia twiga wake, akakataa. "Wamejaa katoni nzima, nimpeleke wapi?" Nilicheka njia nzima ya kurudi, beji ya baba nimeifumbata.

Jana uliniambia unataka kutoa ile beji uliyovalishwa na dada yangu, mama yako, siku ya mahafali, upate moja iliyotoka na rangi tofauti. Sikukatazi kubadilishana, mwanangu. Raha yake naijua, na wenzangu wa kibaraza kile tunaulizana hali mpaka leo. Lakini kabla hujafungua kiboksi chako cha beji uwatumie watu picha, zitoe kwanza zile zinazokukumbusha mtu, uzifiche nyumbani. Kisha hiyo adimu unayoitaka, itazame vizuri ujiulize: kesho ikimwagika katoni nzima, nitaitaka bado? Ukiona bado unaitaka, chukua, ibandike, utembee nayo mtaa mzima.

Mimi twiga wangu namvaa kwenye ushungi mpaka leo, maana kumbe nilikuwa nampenda. Beji ya baba ipo kwenye droo, siku moja itakuwa yako, na hiyo haibadilishwi. Mungu akujaze vitu unavyovipenda kweli, mwanangu, na siku utakapokosea, akukutanishe na mtu kama Hamisi.